Shimba Hills ni Kwetu: Twendeni Tukaione

(Mazungumzo ya afisa wa utalii wa kaunti mbele ya wazazi, vikundi vya akina mama na vijana, Kwale mjini)



Kila ninapokwenda barazani kuzungumza habari za Shimba Hills, huulizwa swali moja: "Kwa nini nilipe kiingilio nikamtazame ndovu, na yeye huja kunitazama shambani bure?" Watu hucheka, lakini swali ni la haki. Aliyekesha akipiga debe kulinda mahindi hana hamu ya kumfuata ndovu msituni siku yake ya mapumziko.

Hata hivyo naomba twende. Ukisimama juu ya kilima, ndani ya hifadhi, utaona jambo ambalo huwezi kuliona ukiwa shambani. Mashariki utaiona bahari ya Hindi. Ukigeuka, pande zote msitu umezungukwa: mashamba, nyumba, barabara. Ni kama kisiwa. Ndovu mmoja mzima hula zaidi ya kilo 100 za majani kwa siku, na kisiwa hakiongezeki. Ndiyo maana mwaka 2005 ndovu 150 walihamishwa kutoka hapa hadi Tsavo Mashariki. Ndiyo maana pia wenzetu wa Mwaluganje walitoa ardhi yao ikawa hifadhi ya jamii, wapate mgao wa mapato ya wageni badala ya kupigana na ndovu kila msimu. Mengine bado hayajatatuliwa, sitawadanganya. Lakini anayekwenda mkutanoni kuidai haki yake akiwa ameuona msitu kwa ndani, husema kwa uzito zaidi.

Halafu kuna palahala. Nchi nzima ya Kenya, palahala wa porini yuko hapa Kwale tu. Dume ni mweusi anayeng'aa, tumbo jeupe, pembe ndefu zimepinda kurudi mgongoni. Majike na watoto ni wa rangi ya kahawia nyekundu. Watu hupanda ndege kutoka ng'ambo kuja kumwona. Mtoto wa Kwale anayemaliza shule akimjua kwa picha tu, kosa hilo ni letu sisi watu wazima. Nendeni asubuhi mapema, umande haujakauka, mtazame kwenye nyika zilizo wazi. Mbega na hondohondo mtawakuta kwenye miti mikubwa. Ndovu mnaweza msiwaone kabisa, maana wanajua kujificha kuliko mnavyodhani.

Sasa matembezi. Safari ya kwenda maporomoko ya Sheldrick huanzia kilima cha ndovu, kama kilomita mbili kwa miguu, na lazima muwe na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Hilo halina mjadala. Asiwepo kijana wa kutangulia mbele apige picha. Njia inateremka msituni, na maji mtayasikia kabla ya kuyaona: yanaanguka mita 21 hivi mpaka kwenye kidimbwi, na wengi hushindwa kujizuia, huingia kuoga. Kushuka ni raha. Kurudi ni mlima mtupu, na hapo ndipo wenye kandambili hujuta. Vaeni viatu vya kufunga. Mwenye pumu abebe dawa yake. Bibi mwenye magoti mabovu abaki juu kwenye upepo, naye atakuwa ameiona bahari.

Maji hayo ya milimani yasituchezee akili tukadhani ni ya kuogelea tu. Chemchemi ya Marere iko humo humo hifadhini, na maji yake yamekuwa yakipelekwa Mombasa tangu enzi za mkoloni. Msitu ukikatwa, wa kwanza kulia si ndovu.

Ya safari yenyewe ni machache. Lango kuu liko mbele kidogo ya Kwale mjini, barabara ya Kinango. Matatu itakufikisha mjini, lakini ndani hakuna kutembea ovyo. Mnahitaji gari mpaka pale matembezi yanapoanzia. Kwa hiyo kikundi kikodi gari moja, mgawane gharama. Mlipe kwa eCitizen kabla ya kufika, kwa sababu pesa taslimu hazipokelewi langoni, na kila mtu mzima aje na kitambulisho ili alipe kiwango cha mwananchi, ambacho ni cha chini sana kuliko cha mgeni. Saa za askari kuongoza matembezi zimepangwa. Ulizeni mapema, msije mkafika saa tisa mkakuta wenzenu wanarudi. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi hifadhini tangu Juni 2020, basi bebeni maji kwa chupa za kudumu au kidumu. Mahamri na viazi karai mnaweza kubeba, ila nyani msiwape hata kipande. Nyani aliyezoea kupewa atampokonya mtoto wa mwingine kesho.

Yule aliyeuliza swali la mahindi, nimemwona amekaa nyuma pale. Mzee wangu, gari la kwanza nakuwekea kiti cha mbele. Wengine walio tayari, tukimaliza hapa tukutane chini ya mwembe tuhesabiane, tujue tunahitaji magari mangapi.