Njia ya Uongo Mtandaoni

Msikilizaji, tarehe 24 Februari 2008 YouTube ilitoweka kwa watu wengi duniani kwa takriban saa mbili. Mitambo yake ilikuwa mizima. Kilichoharibika ni njia ya kuifikia.

Serikali ya Pakistan ilikuwa imeamuru YouTube ifungwe nchini humo. Pakistan Telecom ikatangaza kwamba anwani za YouTube ziko kwake, ili anayezitafuta aishie hapo hapo. Tangazo likavuka mpaka: kampuni ya PCCW ya Hong Kong, iliyoiunganisha na dunia, ikalipokea bila kulihakiki, ikalisambaza.

Huo ndio udhaifu wa BGP, itifaki ambayo mitandao huitumia kuelekezana njia. Ilibuniwa mwaka 1989, na yenyewe haimuulizi mtangazaji ana haki gani. Tena ruta, yaani vifaa vinavyoelekeza data, hufuata tangazo lililo mahususi zaidi. YouTube ilitangaza fungu la anwani 1,024. Pakistan ikatangaza kipande cha 256 ndani yake, kikashinda. YouTube ikalazimika kujibu kwa vipande vidogo zaidi, vya 128.

Kinga ipo. Mwenye anwani husajili hati ya kidijitali iitwayo ROA, inayotaja mtandao ulioruhusiwa kuzitangaza. Afrika hufanya hivyo kupitia AFRINIC. Lakini hati peke yake haisaidii kitu iwapo watoa huduma hawaziamuru ruta zao zikatae tangazo linalopingana nayo. Wachuje pia matangazo ya wateja wao. Unayenunulia ofisi yako intaneti, waulize watoa huduma kabla ya kusaini mkataba: je, mnakataa matangazo batili ya njia?