Uso wa Nyumba, na Jinsi ya Kuutengeneza kwa Fedha Kidogo

Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka



Kazi yangu ni ukarani, wala si ufundi wa kujenga. Lakini halmashauri ilinitaka nikusanye mashauri ya mafundi na ya wazee juu ya jambo moja ambalo wanachama wengi wameliuliza: mtu wa mshahara mdogo afanyeje ili mbele ya nyumba yake papendeze, pawe safi, na asione haya mgeni anapobisha hodi? Nimeyapanga maneno haya kwa mafungu, ili kila mmoja aweze kuyasoma tena akiwa nyumbani kwake.

1. Mlango na Baraza

Najua wako watakaonijibu kwa methali: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hiyo ni ya kweli, na mimi siipingi. Lakini yamwonya mpita njia asiihukumu nyumba ya mwenziwe kwa kuitazama kwa nje. Haikumpa mwenye nyumba ruhusa ya kuuacha mlango wake uoze.

Tena, katika pwani yetu, mbele ya nyumba si pambo tu. Nyumba ya Kiswahili kama tuijuavyo ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uwanja nyuma ambako mambo ya jikoni hufanyika. Mbele yake kuna baraza. Hapo ndipo mgeni asiyejulikana hukaribishwa kabla ya kuingizwa ndani, ndipo posa huanza kuzungumzwa, ndipo majirani hukaa siku ya msiba, na ndipo ugomvi wa watoto humalizwa kabla haujawa ugomvi wa wazee. Kiti hicho kimeheshimiwa hata kimeipa nchi jina la mikutano yake: twasema baraza la wazee, baraza la chifu, na Baraza la Mawaziri.

Siku hizi baraza nyingi zimezibwa kwa vyuma kwa kuogopa wezi, au zimegeuzwa vibanda vya biashara. Simlaumu anayetafuta riziki yake, wala anayelinda mali yake. Nasema tu kwamba, hata mtu akifungua duka mbele, aache nafasi ya benchi moja. Mzee anayepita juani akikosa mahali pa kukaa, atazoea kupita bila kusimama, na mwisho hatutajua habari zake mpaka tuitwe mazikoni.

2. Nyumba Isiyo na Ardhi

Hapa nataka tusikilizane vizuri, kwa kuwa ndipo lilipo swali gumu kuliko yote. Wengi wetu tuna nyumba lakini hatuna ardhi. Asili yake ni ya zamani. Ilipotungwa Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, waliotaka kutambuliwa kuwa wenye ardhi katika ukanda wa pwani walitakiwa wapeleke madai yao. Waliojua mambo ya ofisi walipeleka. Wengi wengine hawakupeleka, na ardhi ikaandikwa kwa majina ya watu wengine au ikawa ya serikali. Tangu hapo ukazoeleka mtindo wa mtu kujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine, akilipa kodi ya kiwanja kila mwezi, na aghalabu akikatazwa kujenga kwa mawe.

Basi vijana huuliza, na swali lao si la kipuuzi: kwa nini nipambe mahali ninapoweza kuambiwa nihame? Jibu nililolipata kwa wazee ni fupi. Kabla ya kutoa shilingi, iulize: siku nikihama, utakwenda nami? Mlango mzuri wa mbao na miimo yake vyaweza kung'olewa na kwenda na mwenyewe. Benchi, taa, na miche iliyomo katika vyungu vitakwenda pia. Chokaa haiwezi kuhama, lakini bei yake ni ndogo na kwa vyovyote hupakwa upya kila mwaka, kwa hiyo hasara si kubwa. Saruji nyingi, vigae na nguzo za mawe havihami. Asiye na hati asivitie mpaka apate ruhusa ya mwenye ardhi kwa maandishi, yenye tarehe na sahihi.

Kwa kuwa mimi ni karani, niwieni radhi nikisisitiza jambo la karatasi. Stakabadhi za kodi ya kiwanja zisitupwe hata moja. Ziwekwe ndani ya bati lenye kifuniko, mahali pasipovuja, na mtu mmoja zaidi katika jamaa ajue zilipo. Nyumba iliyopambwa bila stakabadhi imeegemea neno la mtu mwingine tu.

3. Maji Kwanza

Mafundi wote niliowauliza walianza na maji ya mvua, wala si rangi. Mvua za masika huja na upepo wa kusi, na upande wa nyumba unaokabili kusi ndio hupigwa zaidi. Ukuta wa udongo huliwa kutoka chini: matone ya upenuni huchimba shimo, shimo huweka maji, maji hulainisha kiambaza, na fito zikishika unyevu mchwa huingia. Kupaka rangi juu ya ukuta wa namna hiyo ni kumvika mgonjwa kanzu ya Idi.

Kwa hiyo upenu urefushwe, kwa makuti au mabati, hata maji yaanguke mbali na ukuta na mbali na mlango. Yanapoanguka pachimbwe mfereji mdogo, utiwe kokoto au vipande vya mawe ya matumbawe, na uelekezwe kunakoteremka bila kumwagia jirani. Upande wa Kisauni na Likoni, ambako ardhi karibu na bahari ni ya mchanga na matumbawe, maji hunywewa upesi na mfereji mfupi watosha. Changamwe ni kwingine: udongo wake ni mzito, hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, na pengi ni miteremko. Huko mfereji sharti uwe mrefu zaidi, nao usafishwe kila baada ya mvua kubwa. Kazi yote hii yataka jembe na jasho. Fedha yake ni kidogo mno.

4. Baraza na Kipandio

Baraza ya udongo iliyobomoka hutengenezwa kwa kung'oa sehemu iliyolegea, kuirushia maji, na kuikandika kwa udongo uliokanyagwa vizuri na kuchanganywa na majani makavu yaliyokatwa. Ikikauka na kupasuka nyufa ndogo, hukandikwa mara ya pili kwa udongo laini. Wenye baraza ya mawe waweza kuipiga lipu ya saruji, sehemu moja kwa nne za mchanga. Lakini mchanga usiwe wa ufuoni, maana una chumvi, na chumvi huharibu lipu na kutoa ukungu mweupe usioisha.

Kimo cha baraza kiwe kama dhiraa moja. Ikiwa chini zaidi, mzee hukaa lakini hawezi kuinuka bila kushikwa mkono, na hilo humtia unyonge mbele ya watu. Kipandio kisizidi shubiri moja, na kama ni viwili, vilingane kimo, kwa sababu mguu wa mtu mzima hujikwaa pale vipandio visipolingana. Penye mteremko, nguzo moja ya kushikia, ya mti uliolainishwa, hugharimu fedha kidogo kuliko mfupa uliovunjika.

5. Ukuta na Chokaa

Rangi ifaayo ukuta wa udongo ni chokaa. Wako wanaopiga saruji juu ya kiambaza wakidhani wanakiimarisha. Saruji ni ngumu na udongo ni laini; udongo ukivimba na kunywea, saruji haifuati, hupasuka, maji hupenya nyuma yake, na siku moja kipande kizima huanguka. Chokaa huacha ukuta upumue. Babu zetu walijenga kwa matumbawe na chokaa, na katika magofu ya Gede, mji ulioachwa na watu wake katika karne ya 17, lipu ya chokaa ingali yaonekana juu ya baadhi ya kuta.

Matengenezo yake ni haya. Chukua chokaa, uiroweke katika maji usiku kucha, asubuhi uikoroge na kuichuja kwa kitambaa. Iwe nyepesi kama maziwa. Katika kila debe tia konzi moja ya chumvi ili ishike, na ukitaka weupe ung'are, tia buluu kidogo ya kufulia. Fagia ukuta, urushie maji, kisha upake kwa wepesi. Safu tatu nyembamba ni bora kuliko moja nzito, ambayo hubanduka kama magamba. Paka asubuhi au jua likishapinda, maana chokaa ikikaushwa haraka hugeuka unga na kumchafua kila anayeegemea. Watoto wakae mbali, na mpakaji ajihadhari na macho yake. Ikiingia, yaoshwe mara moja kwa maji mengi. Penye rangi ya mafuta chokaa haishiki, na palipo hivyo sharti pakwanguliwe kwanza.

Weupe una faida nyingine, nayo ni kurudisha joto la jua. Mwaka 2018 Serikali ya Kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe na buluu. Sisi wa bara ya Mombasa twaweza kuuchukua uzuri huo bila kungoja agizo: ukuta mweupe wa chokaa, na mkanda wa buluu chini, kiasi cha shubiri mbili, ili matope yasionekane upesi.

6. Mlango

Sifa ya milango ya Lamu na Unguja yajulikana duniani kote: miimo yenye nakshi, na mfaa katikati. Hatuna fedha za nakshi, lakini twaweza kuiga heshima ile. Mlango usitupwe kwa sababu umefifia. Ung'olewe, ukwanguliwe, upigwe msasa, mbao iliyooza chini ikatwe na kuungwa kipande kipya, kisha upakwe rangi ya kwanza na ya pili. Ncha ya chini ya mlango, ambayo watu huisahau, ipakwe pia, maana hapo ndipo maji huanza kuingia.

Hewa ya bahari hula chuma. Bawaba na makomeo yapakwe mafuta kila baada ya miezi mitatu, na yanaponunuliwa mapya, yawe ya shaba nyeupe au ya nyeusi iwezekanapo. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu kwa mwaka huu, na anunue bawaba imara. Mlango unaofunguka bila kuburura chini humkaribisha mgeni vizuri kuliko mlango mpya uliolegea.

7. Mimea, Makopo na Mbu

Mrehani na asumini karibu na mlango hazina gharama. Mwombe jirani kijiti. Mwarobaini hutoa kivuli kwa miaka michache, ila upandwe mbali na ukuta kwa ajili ya mizizi. Lakini tahadhari moja. Wengi wetu hupanda miche katika makopo na madebe ya zamani. Kila kopo litobolewe chini. Mombasa ilipatwa na homa ya dengi mwaka 2013 na tena mwaka 2017, na mwishoni mwa mwaka huo mpaka mwanzo wa 2018 ikaja chikungunya, iliyowaacha watu wakishindwa kunyosha viungo. Mbu anayeeneza maradhi hayo huuma mchana, na hutaga katika maji machache yaliyotulia, hata ya sahani iliyo chini ya chungu. Katika joto letu, yai huwa mbu kamili kwa muda wa siku kama kumi. Anayemwaga maji hayo kila wiki amewalinda wanaokaa barazani kwake.

8. Mpango wa Kazi

Majira yafaayo ni ya kaskazi, kati ya Januari na Machi, kabla masika hayajaingia. Mwezi wa kwanza utengenezwe upenu na mfereji. Mwezi wa pili baraza na kipandio. Mwezi wa tatu chokaa na mlango. Kwa njia hiyo mtu hatoi fedha zote kwa mshahara mmoja.

Naomba pia mkutano huu ufikirie jambo moja. Ngazi, brashi kubwa, msumeno na madebe ni vitu ambavyo mtu mmoja huvitumia siku mbili kwa mwaka. Chama chaweza kununua seti moja kwa kila mtaa, ikatunzwa na mzee mmoja na kuandikwa katika daftari. Tukiongeza kazi ya pamoja, ambayo wenzetu Wamijikenda huiita mweria, nyumba ya mjane na ya mzee asiye na mtoto zitapakwa siku moja na zetu. Hizo ndizo nyumba ambazo hotuba haiwezi kuzitengeneza, maana wenyewe wanajua la kufanya lakini hawana mikono.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Naliweka ombi hilo la vyombo vya kazi mbele ya mkutano ili lizungumzwe na kuamuliwa leo, kwani miezi ya kaskazi haiko mbali.