Trekta Haifi kwa Kazi, Hufa kwa Vumbi

Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009, tulizungumza sana juu ya kununua trekta. Juu ya kuzitunza tulizungumza kidogo. Kule Kasulu mvua za kupandia hazimsubiri mtu. Trekta ikichemsha wakati huo, mkulima huchelewa kupanda, nasi wa mjini tutayatafuta mahindi na maharage kwa bei ya kuruka.

Mara nyingi kiini si injini. Ni vumbi na makapi yaliyoziba rejeta, hewa ya feni isipite. Dereva huongeza maji, akaendelea kulima, mpaka gasketi ya silinda hedi ikaungua.

Nasema hivi: ikichemsha, izimwe, ipoe. Mfuniko usifunguliwe ingali moto, wala injini isimwagiwe maji baridi; chuma kitapasuka. Kisha rejeta isafishwe kwa upepo au maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa feni kwenda nje. Penye vumbi, ifanyike kila siku. Maji ya tope yasitiwe ndani.

Mwenye trekta, mpe dereva wako dakika 10 za asubuhi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.