Njia za Miguu Zianzie Stendi: Maziwa na Milima ya Singida kwa Msafiri wa Basi



Niseme mapema ninachotaka tukubaliane. Singida haina upungufu wa njia za miguu. Kila kijiji kina njia ya kisimani, ya machungani, ya mizingani na ya mnadani, na nyingi zimekanyagwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Tunachokosa ni namna ya kumfikisha mtembezi mwanzo wa njia hizo kwa nauli ya kawaida, na kumrudisha mjini kabla giza halijaingia. Kwa hiyo mada yangu itazungumzia magari zaidi kuliko mandhari. Atakayeona ajabu anivumilie.

Mazoea yetu ya utalii huanza na gari la kukodi na mgeni aliyetoka mbali. Mimi namfikiria mwanafunzi wa chuo, muuguzi aliye mapumziko Jumamosi, mwalimu wa Ikungi na watoto wake wawili. Hawa hawana Land Cruiser, lakini wana miguu na nauli.

Tuanze na rahisi. Maziwa ya Singidani na Kindai yapo ndani ya manispaa. Mtu aliyeshuka basi stendi ya Misuna anaweza kufika kwa bajaji, au kwa miguu kama jua halijawa kali. Maji yake ni ya chumvi kwa sababu hayana mahali pa kutokea: mvua huingia, jua hunyonya, chumvi inabaki. Chumvi hiyo ndiyo inayoleta heroe, maana mwani mdogo wanaoula hustawi katika maji ya namna hiyo. Heroe huja na kuondoka kadiri maji yanavyojaa na kupungua, na hawana ahadi na mtu. Ndiyo maana ningeomba tusichore heroe kwenye kila bango kisha mgeni akafika akakuta korongo mmoja amesimama. Tuchore mawe. Majabali ya mjini Singida ni ya mwamba wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na hayahami.

Njia ya kuzunguka Singidani ingekuwa na faida nyingine ambayo maofisa mazingira wataielewa haraka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa, shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Lakini vigingi vya mpaka huo hung'olewa usiku. Njia inayopitwa na watu kila wiki ni vigumu kuing'oa, na anayesogeza bustani yake hadi majini ataonekana na wengi.

Nje ya manispaa ndipo penye kazi.

Gari la kijijini, iwe Noah, Hiace au Coaster lililochoka, limepangwa kwa mahitaji ya mwanakijiji. Linalala kijijini, linaondoka alfajiri na wagonjwa, wafanyabiashara na magunia ya alizeti, linafika mjini asubuhi, kisha mchana linarudi na waliokwisha kununua mahitaji yao. Mtembezi wa mjini anataka kinyume chake: aende asubuhi, arudi jioni. Akipanda gari la saa 8 mchana kwenda kando ya Ziwa Kitangiri, atafika wakati wa kutafuta pa kulala. Hakuna uzembe wa dereva hapo. Ni hesabu tu, na hatuwezi kumwomba mwenye gari aende tupu asubuhi kwa ajili ya watu sita wenye mikoba ya mgongoni.

Kutokana na hesabu hiyo naona mambo mawili. Njia za siku moja tuzitafute kwanza kando ya barabara kuu, ambako magari hupita pande zote mbili mchana kutwa: ya Dodoma kupitia Manyoni, ya Nzega kupitia Shelui, na ya Babati kupitia Katesh. Njia za ndani, kama Kitangiri, tuzipange kuwa za kulala, au tuzifungamanishe na siku ya mnada, ambapo magari huongezeka na hurudi mjini jioni. Kalenda ya minada ambayo kila halmashauri inayo tayari ni nusu ya ratiba tunayoitafuta.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mteremko wa Sekenke. Barabara ya Nzega ikishapita Misigiri hufika ukingoni mwa uwanda wa Iramba, halafu inateremka kuelekea Shelui. Ukiwa juu unaiona mbuga ya Wembere imetandazwa chini, ya kijivu wakati wa kiangazi, na yenye maji wakati wa masika. Maji hayo huelekea Ziwa Kitangiri, kisha kwa Mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi. Abiria wengi wa Mwanza hupita hapo wakiwa wamesinzia, au wamefumba macho kwa makusudi kwa kuogopa mteremko.

Sekenke ina historia inayotosha kumtembeza mtu bila kuchoka. Dhahabu iligunduliwa huko enzi za Wajerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, na mgodi wake ni miongoni mwa ya kwanza kabisa nchini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na hawapati fedha kutoka kwao, walitengeneza sarafu za dhahabu katika karakana ya reli Tabora mwaka 1916, zenye thamani ya rupia 15 na picha ya tembo. Dhahabu yake ilitoka Sekenke. Leo sarafu hizo hugombewa minadani Ulaya, wakati sisi hatuna hata kibao kando ya barabara.

Mtembezi angeshuka juu ya mteremko, afuate njia za wafugaji mbali kabisa na lami, kwa sababu malori ya Rwanda, Burundi na Kongo hayana nafasi ya kumkwepa, kisha apande gari Shelui. Hana haja ya kurudi alikoanzia, na hilo ndilo jambo zuri ambalo mwenye gari lake binafsi hawezi kulifanya: yeye lazima alirudie gari lake.

Kuna mtu aliyelijua hilo vizuri. Alfred Wainwright, aliyeandika vitabu saba vya milima ya Lake District huko Uingereza kati ya mwaka 1952 na 1966, hakuwahi kujifunza kuendesha gari. Alikwenda kwa basi mwisho wa juma na kurudi kwa basi. Kazi yake ya mshahara, wenzangu wa halmashauri mtafurahi kusikia, ilikuwa mweka hazina wa mji mdogo wa Kendal. Kwa hiyo msiseme hamna muda.

Kikwazo cha barabara kuu ni basi la masafa marefu. Konda ameuza siti hadi mwisho wa safari. Abiria wa vituo viwili hana faida kwake, na kumsimamisha ni kutafuta kesi na askari wa barabarani. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, mengine hupita Shelui gizani, na hiyo si safari ya kutegemewa na mtu mwenye watoto. Tuwategemee wa Noah na Coaster wa kati ya wilaya, na tuwape sababu ya kumngoja mtu: malipo ya kwenda na kurudi yaliyokatiwa tiketi asubuhi.

Hanang ni jambo jingine. Mlima huo, wenye urefu wa meta 3,417, uko Manyara, lakini kutoka Singida hadi Katesh ni safari isiyofika kilomita 100 ya lami, na watu wetu wauone kama wa jirani. Kupanda na kushuka kwa siku moja kunawezekana kwa wenye pumzi, wakianza kabla ya mapambazuko. Maana yake lazima kulala Katesh. Mlima huo ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia, hivyo kibali na mwongozaji havina mjadala. Wala mvua haina mjadala. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlimani na kuua watu zaidi ya 80. Mtu asipelekwe huko wakati wa mvua kwa sababu tu basi lipo.

Vijijini tusipite kama wenye mali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, na Singida tuna mfano wetu wenyewe: Mgori, ambako katikati ya miaka ya 1990 vijiji vitano vilichukua jukumu la kulinda msitu wao, vikaweka walinzi na sheria ndogo. Huko wapo wenye mizinga, na yapo maeneo ya matambiko ambayo mgeni hapaswi hata kuelekezwa kwa kidole. Njia ichorwe na wazee wa kitongoji, ikwepe wanapotaka ikwepe, na ushuru wake uingie kijijini kwa stakabadhi.

Pendekezo langu la kuanzia halihitaji mfadhili. Ni ubao mmoja Misuna, wenye njia tatu tu: Singidani, Sekenke na Hanang. Uonyeshe muda wa kutembea kwa saa, kama wafanyavyo Waswisi kwenye vibao vyao vya njano, maana kilomita za mlimani hudanganya. Mahali maji ya kunywa yanapopatikana. Na saa ya gari la mwisho kurudi. Hilo la mwisho liandikwe kwa chaki, na ufunguo wa sanduku la chaki akae nao msimamizi wa stendi, kwa kuwa ndiye anayejua gari lipi leo liko gereji.