MLANGO WA KIWANDA NA SAMAKI WA ZIWA

(Hotuba iliyosomwa na fundi wa mabehewa mbele ya mkutano wa tawi la Kisumu. Imepigwa chapa kwa ombi la wanachama waliokuwa kazini siku hiyo.)



Katibu aliponiambia kwamba zamu ya kuhutubu ni yangu, nilimwomba niseme habari za samaki. Alicheka sana, akaniuliza kama samaki nao wameanza kudai nyongeza ya mshahara. Nikamjibu kwamba wamekwisha goma kwa njia yao, maana hawaji wavuni kama zamani, na mgomo wao umewatoa watu kazini wengi kuliko mgomo wetu wo wote. Basi akaniruhusu.

Mimi si mtaalamu. Nilisoma shule ya misheni, praimari tu, na kazi yangu ninyi mnaijua. Lakini nimeoa kwa wavuvi, na mtu aliyeoa kwa wavuvi husikia habari za ziwa kila Krismasi, apende asipende. Mengine nimeyasoma. Neno ninalotaka tulifikirie ni hili: mnunuzi aliye mbali, asiyeliona ziwa hata siku moja, aweza kumhifadhi samaki aliye majini? Na akiweza, gharama yake hulipwa na nani?

Nianze na sisi wenyewe watu wa reli. Reli ilifika hapa mwezi wa Desemba mwaka 1901, na mahali hapa paliitwa Port Florence. Kabla ya hapo mvuvi wa ziwa hili alivua kwa mitego, ndoano na vizuizi vya mafunjo. Alikula, na kilichobaki akakibadilisha kwa nafaka. Mwaka 1905 zikaja nyavu za kutega kutoka Ulaya, na gari la moshi lilikuwa tayari kupeleka samaki Nairobi. Samaki aliyetakiwa alikuwa ngege. Mwanzoni wavu mmoja uliweza kutoa ngege kama 25. Mwaka 1927 Serikali ikamleta Mwingereza mmoja mtaalamu wa samaki, Michael Graham, alichunguze ziwa lote. Alipomaliza kazi yake mwaka 1928, wavu ulikuwa haufikishi hata 10. Akashauri kwamba macho ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5, ili ngege wachanga wapite wakazae. Sheria ikawekwa katika miaka ya 1930.

Lakini mvuvi aliyekosa samaki kwa wavu wa inchi 5 alitafuta wenye macho madogo zaidi, na askari wa samaki walikuwa wachache. Behewa letu nalo halikuuliza. Tulipima uzito, tukaandika stakabadhi, tukafunga mlango. Ngege mkubwa na ngege mtoto walilipiwa nauli ile ile kwa ratili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 sheria yenyewe ikaondolewa, na ngege wa ziwa kubwa amekuwa kama hadithi ya babu.

Siwalaumu wazee wetu wa reli. Walifanya kazi waliyopewa. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba ziwa halikumalizwa na mvuvi peke yake. Lilimalizwa na njia nzima ya biashara, tokea mtumbwini mpaka sahani ya Nairobi, ambayo hapana hata mtu mmoja ndani yake aliyeuliza samaki huyu ana ukubwa gani. Basi kama njia yaweza kumaliza kwa kutouliza, yafaa tutazame inakuwaje njia hiyo ikianza kuuliza.

Hapo ndipo anapoingia mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara. Mbuta hakuwa wa ziwa hili. Alitiwa humu katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, akawala fulu na samaki wengine wadogo, na kufika miaka ya 1980 nyavu zilikuwa zikijaa yeye. Viwanda vikajengwa, kwanza kwetu, kisha Uganda na Tanzania. Mnofu ukakatwa, ukatiwa barafu, ukaenda Ulaya. Mifupa na kichwa vikabaki hapa, vikakaangwa, vikauzwa kando ya barabara kwa jina la mgongo wazi. Wengi wetu humu tumesomesha watoto huku tukila mgongo wazi, wala sioni haya kusema.

Mwaka 1999 ikatoka habari Uganda kwamba kuna watu wanaomwaga dawa ya kuua wadudu majini ili samaki waelee waokotwe. Kuvua kwa sumu kulikuwa kumekatazwa tangu zamani, lakini katazo lilikuwa la karatasi. Safari hii Ulaya ikafunga mlango, ikakataa samaki wa nchi zote tatu. Viwanda vikasimama, watu wakarudishwa nyumbani. Tanzania na Uganda zilifunguliwa tena mwaka 2000, sisi Kenya tukawa wa mwisho. Katika muda huo mambo yaliyoshindikana kwa miaka mingi yakawezekana: wakaguzi wakapatikana, bichi nyingi zikajengewa mabanda ya kupokelea samaki yenye sakafu ya saruji, na wavuvi wakapangwa katika kamati za bichi zao, ambazo mwaka 2007 zilitiwa katika kanuni za sheria ya Kenya. Wavuvi wenyewe wakaanza kuwakamata wenye sumu, kwa kuwa mtu mmoja mwenye chupa aliweza kuwanyima wote chakula.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo nguvu ya mlango mwembamba. Kulizunguka ziwa lote kuna bichi zaidi ya elfu moja na wavuvi zaidi ya laki moja. Hapana Serikali iwezayo kumweka askari katika kila mtumbwi. Lakini viwanda vinahesabika kwa vidole, na mnofu wa Ulaya sharti upite humo. Ni kama treni zote zinazopita kituo kimoja: ukimweka mtu mmoja mwaminifu pale, hana haja ya kutembea njia nzima.

Kwa nguvu hiyo hiyo nchi tatu zilipatana juu ya kipimo cha mbuta: asiwe chini ya sentimita 50, asiwe juu ya 85. Chini ya 50 ni mtoto. Juu ya 85 ni mama, maana kwa mbuta jike hukomaa akiwa mkubwa kuliko dume, na yule mkubwa sana ndiye mwenye mayai mengi. Matajiri wa viwanda vya Uganda walifika hata kuweka wakaguzi wao wenyewe, kila mmoja akimchunga mwenzake asipokee wadogo. Upande wa Bukoba, mwaka 2009, samaki wa wavuvi wa huko walipewa hati na chama cha Kijerumani kiitwacho Naturland, ili mnunuzi wa Ulaya ajue wamevuliwa kwa masharti.

Sasa nitawaambia niliyoyaona kwa macho yangu. Mwaka juzi, siku yangu ya mapumziko, nilifuatana na shemeji yangu bichini. Alikuwa ameingia ziwani jioni na kutoka alfajiri. Wakala wa kiwanda, ambaye sitamtaja wala yeye wala kiwanda chake, alikuwa na rula ya ubao yenye alama mbili nyekundu. Samaki wa shemeji walikuwa 14. Rula ikawakubali 5. Tisa walikuwa wafupi.

Shemeji hakubishana. Alinieleza baadaye kwamba mtumbwi ule ni wa wakala, nyavu ni za wakala, na petroli ya usiku ule alikopeshwa na wakala. Nyavu zenyewe zilikuwa za macho madogo. Yaani yule yule aliyempa wavu wa kukamata watoto ndiye aliyeshika rula ya kuwakataa. Deni la petroli halikupimwa kwa rula. Lilikatwa lote katika wale samaki 5.

Na wale tisa je? Walitupwa? Hata kidogo. Hatua thelathini kutoka pale palikuwa na lori, na mtu mwenye magunia ya chumvi. Aliwachukua sita kwa bei ya chini. Wakapakwa chumvi, wakaanza safari ya kwenda Kongo, ambako samaki wa chumvi wana soko kubwa. Wawili walichukuliwa na mama mmoja mkaangaji. Wa tisa nilimnunua mimi. Nilipewa kwa bei ya nusu, nikafurahi, nikampeleka nyumbani, tukamla na ugali.

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Nilikuwa nimekasirika kutwa nzima juu ya wakala, na huku mimi mwenyewe nilikuwa mlango wa pili. Kipimo cha kiwanda kina nguvu ikiwa mlango ni mmoja. Ikiwa uko mwingine hatua thelathini mbele, samaki mtoto hufa vile vile, tofauti ni kwamba mvuvi amelipwa kidogo zaidi. Tena kuna mlango wa tatu, wa mabondo ya mbuta yanayotakiwa sana China. Bondo kubwa hutoka katika samaki mkubwa, na bei yake ni kubwa kupita mnofu, basi huyo anamwita mvuvi kwenda juu ya 85 wakati rula inamwambia abaki chini. Viwanda vingi kulizunguka ziwa vimefungwa kwa kukosa samaki, na samaki walipopungua, matajiri waliobaki walianza kuogopana, wakalegeza rula.

Uganda mwaka 2017 ilituma jeshi ziwani. Nyavu haramu zikachomwa, na biashara ya nje ikapanda. Lakini mitumbwi ya maskini ilichomwa pia, na wavuvi walilalamika kwamba wanapigwa. Hiyo nayo ni njia, ila mimi siitaki kwetu.

Nimeitafuta njia nyingine, na nimeona dalili yake mbali sana, huko Thailand. Mwezi wa Aprili 2015 Ulaya iliionya nchi ile kwa kile walichokiita kadi ya manjano: rekebisheni uvuvi wenu, ama sivyo hatutanunua. Mwaka huo huo magazeti yalikuwa yamejaa habari za mabaharia wa Burma na Cambodia waliouzwa kama watumwa katika meli za uvuvi, wengine wasikanyage nchi kavu kwa miaka. Serikali ya Thailand ikabadili sheria, ikaanza kukagua meli bandarini, na mwezi wa Januari 2019 kadi ikaondolewa. Mwezi huo huo nchi ile ikatia sahihi Mkataba nambari 188 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, ambao ni mkataba wa kazi za uvuvi, ikawa ya kwanza katika Asia yote. Lakini linaloniingia mimi zaidi ni kwamba Shirikisho la Kimataifa la Wafanya Kazi wa Uchukuzi, lile lililoanzishwa London mwaka 1896, liliwasaidia wavuvi wale kujipanga na kudai haki zao, ijapokuwa sheria ya huko haimruhusu mgeni kuunda chama chake mwenyewe. Maana meli inayomnyima mtu mshahara ndiyo meli inayovua mahali palipokatazwa. Asiyelipa watu ana gharama ndogo, aweza kuendelea kuvua hata samaki walipokwisha.

Mnunuzi wa mbali, basi, aweza kusukuma. Lakini amri yake hushuka ngazi kwa ngazi, kutoka duka la Ulaya kwa tajiri wa kiwanda, kutoka kwa tajiri kwa wakala, mpaka kwa mtu aliyelowa maji alfajiri. Gharama hushuka pamoja na amri. Bei nzuri haishuki, kwa kuwa huku chini hapana mtu wa kuidai. Mvuvi mwenye chama na mizani yake mwenyewe aweza kusema, "Samaki wa kipimo nitakuletea, nipe wavu wa macho makubwa na bei ya kipimo." Mvuvi mwenye deni hasemi kitu.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naleta maombi matatu mbele ya tawi, yajadiliwe na kupigiwa kura. Kwanza, kantini yetu isinunue tena mbuta chini ya sentimita 50. Rula nimekwisha itengeneza karakanani kwa chuma chakavu, na alama nimezipiga kwa patasi zisifutike. Najua samaki wa kipimo ni ghali, na mwezi wa kwanza tutanung'unika. Tukishindwa kumnunua, tule omena, au mgongo wazi wa samaki aliyekwisha pimwa. Pili, Katibu aiandikie kamati ya bichi iliyo karibu nasi, tukae nao siku moja, tuwaonyeshe jinsi sisi tulivyoanza kukusanya ada na kuweka hesabu, maana kamati yao ina sheria lakini haina fedha, nasi tumeyapitia hayo. Tatu, tuwaunge mkono wadai kwamba bei ya samaki wa kipimo iandikwe ubaoni kila asubuhi kabla ya mitumbwi kutoka majini, siyo baada.

Shemeji yangu yuko hapo nje chini ya mwembe. Ameona haya kuingia kwa kuwa si mwanachama. Mwenyekiti akiruhusu aitwe, maswali ya nyavu na deni atayajibu yeye, kwa kuwa anayajua kuliko mimi.