Siku moja Ujiji: mazungumzo mbele ya wanachama

Halmashauri ilituomba sisi tunaotembea pamoja nanyi katika kazi ya uwanjani tuseme machache juu ya ile safari ya Kigoma, kwa sababu tangu mwezi uliopita maneno yamekuwa mengi. Yamevuka hata mto: tuliyasikia Mikelenge, tukayakuta Alunguli yakiwa yameongezwa chumvi. "Ule mama alienda kutembea na makuta yetu." Basi tuyaweke mezani.

Mambo yenyewe ni haya. Mwanachama wetu mmoja, aliyetukubalia tusimulie bila kumtaja jina, alikopa katika sanduku letu la kusaidiana ili afuate karatasi za masomo za mtoto wake zilizobaki kule familia iliporudi. Aliondoka peke yake. Treni mpaka Kabalo, kisha mpaka Kalemie, halafu masuwa kuvuka ziwa. Wenye kuijua njia hii wanajua treni yetu haina kalenda. Ukipanda unamwachia Mungu. Kufika kule, anaambiwa mwenye mhuri hayupo, arudi kesho kutwa. Akabaki na siku nzima bila kazi. Ile siku ndiyo inayotugombanisha.

Angeweza kuinyamazia. Hakuna aliyemfuata. Lakini aliporudi alileta daftari, na kila kitu kimo: chai, chapati, nauli, kiingilio, samaki, kahawa. Hakuficha hata kikombe kimoja.

Kwanza wafadhili wetu waelewe jambo moja ambalo hapa kila mtu analijua. Mama huyu aliingia Tanzania mwaka 1998, akitokea upande wa Kabambare. Aliwekwa Lugufu, na Lugufu ilipofungwa mwaka 2009 akahamishiwa Nyarugusu. Sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa. Kutoka ni kwa kibali. Kigoma mjini ni safari ya saa chache tu kwa gari, lakini kwa miaka ile yote aliiona mara mbili: siku ya kushuka kutoka majini na siku ya kupanda kurudi. Mara zote mbili alikuwa ndani ya lori. Watu hapa Kindu wakimsikia anasema "shikamoo" wanamcheka, wanamwita Mtanzania. Mtanzania gani huyo, asiyewahi kunywa chai nje ya kambi?

Basi asubuhi ile aliingia malewa moja karibu na soko, wenyewe wanasema kwa mama lishe. Akaagiza chai ya maziwa. Anasema mama yule aliponda tangawizi mbele yake, akatia iliki, akachemsha maziwa na majani pamoja mpaka yakapanda mara mbili, ndipo akachuja. Alituonyesha kwa mikono jinsi inavyomiminwa kutoka juu ili itoe povu. Kambini walikuwa wakinywa ya rangi, majani yale yale yakichemshwa mara ya pili na ya tatu, na sukari ikipatikana ni ya watoto. Hapa alikaa kwenye benchi, chapati mbili mbele yake, na hakuna aliyemuuliza kadi. Tulimuuliza alikaa muda gani. Alisema, "Mpaka nikaona aibu, nikaagiza kikombe cha pili."

Halafu akapanda daladala kwenda Ujiji.

Hapa tunaomba mtuvumilie, maana hapa ndipo penye uzito. Ujiji kuna makumbusho ya Livingstone, chini ya miembe ambayo inasemekana ni wajukuu wa ule mwembe ambapo Stanley alimkuta yule mzee Mskoti mwaka 1871. Ndani kuna sanamu zao mbili, wamesimama wakisalimiana. Ziwa limerudi nyuma, sasa liko mbali kidogo na mahali penyewe. Mwongozaji alieleza vizuri, na mama yetu akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza: "Na huyu mzee, kabla ya kufika hapa, alikuwa ametoka wapi?"

Alikuwa ametoka kwetu. Alikuwa ametoka Nyangwe, juu kidogo ya mto huu huu wa Lualaba mnaouvuka kwa mtumbwi. Mwezi wa saba mwaka ule ule wa 1871, Livingstone alikuwepo Nyangwe siku ya soko, watu wa wafanyabiashara wa pwani walipofyatua bunduki katikati ya umati. Walikufa mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza, wengine wakizama mtoni. Alivunjika moyo, akageuza njia akiwa mgonjwa, akatembea mpaka Ujiji. Ile njia ndiyo iliyopitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa, kutoka Nyangwe na Kasongo, wakivushwa ziwa, kisha Tabora, kisha pwani.

Shuleni tulisoma Livingstone. Hatukusoma wale wanawake wa sokoni. Na mama huyu ni mwanamke wa soko. Anauza mchele na mawese Kasuku. Anasema alitoka nje akakaa chini ya mwembe, miguu haina nguvu.

Ni pale nje alipomkuta mzee anayeuza kahawa kwa vikombe vidogo, na kashata. Akamwamkia. Mzee akasikia lafudhi, akauliza:

"Mama, wewe wa wapi?"

"Wa Kindu, baba. Maniema."

"Maniema! Basi wewe ni Mmanyema. Hata sisi ni Wamanyema. Babu alitoka Kasongo."

Hakumruhusu kulipa kikombe cha kwanza. Katika daftari mtaona kahawa moja tu, alikunywa mbili.

Wanachama, jina hili letu lina watu Ujiji, lina watu Tabora, na Dar es Salaam hata msikiti uko, pale Kariakoo, unaitwa wa Manyema. Ni watoto wa wale waliopitishwa njia ile, watumwa, wapagazi, askari, na wengine waliokwenda kwa hiari yao. Kiswahili tunachokisema hapa kilikuja kwa njia ile ile, kikielekea huku. Mama wetu aliishi mkoa mmoja na watu hawa miaka yote ile akiitwa mkimbizi, na hakuna siku aliyoambiwa kwamba nyuma ya vilima kuna mtu mwenye jina lake.

Yaliyobaki tuyapitie haraka. Alikula mgebuka wa kuchoma na ugali, na anasisitiza kwamba mgebuka wa ziwani ukiliwa siku ileile hauna ndugu na ule wa kukaushwa unaotufikia hapa. Jioni aliona stesheni ya Kigoma waliyoijenga Wajerumani, mwisho wa reli iliyofika pale mwaka 1914. Kesho kutwa alipata karatasi, zikiwa na mhuri.

Sasa turudi kwenye sanduku. Kanuni yetu inasema mkopo ni kwa kazi, ugonjwa, masomo na matanga. Siku ya Ujiji haimo. Mjane aliyesimama mkutanoni na kuuliza kama chai ya Kigoma ni ya lazima kuliko dawa zake, hakukosea kuuliza, na tunaomba asinyamazishwe. Wapo pia walioshauri kwamba katika ripoti tuandike "gharama za kusubiri" ili wafadhili wasishtuke. Hilo tunalikataa. Tumeandika "siku ya kutembea", na yeyote atakayeuliza tutampa karatasi hii asome.

Sisi kwa maoni yetu, wengi waliorudi hawakuwahi kusafiri. Walikimbizwa, wakasafirishwa, wakarudishwa. Safari ya mtu mwenyewe, anayechagua aende wapi na ale nini, wengine wamefika uzee bila kuijua. Kama sanduku linaweza kumzika mtu, linaweza kumpa siku moja akiwa hai, kwa kiwango kitakachowekwa, na baada ya wagonjwa kupata haki yao.

Mama amekwisha kurudisha nusu ya mkopo. Nusu nyingine ameahidi baada ya mavuno ya mpunga. Wanachama wengine wawili wenye karatasi zilizobaki Tanzania wameandika maombi, na mmoja ameuliza wazi kama siku ya Ujiji itahesabiwa. Kura ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada na kabla mvua haijaanza. Wa Alunguli wavuke mapema. Daftari litakuwa mezani, kila mtu alifungue mwenyewe.