Kazi Tunafanya, Pesa Zinakwenda Wapi?

(Mazungumzo na wanakisomo wa Jadida, Wete, Pemba)



Leo hatusomi kitabu. Leo tunasoma daftari la duka.

Mama mmoja wa darasa letu alikuja na daftari lake la deni. Akasema, "Mwalimu, nisomee." Tukamwambia, "Bi mkubwa, soma mwenyewe." Akaweka kidole, akasoma polepole: mchele, mafuta, sukari nusu kilo. Akafika mstari wa chini: sukari nusu kilo, tarehe ile ile. Akanyamaza. Kisha akasema, "Siku ile nilichukua mara moja tu." Jioni alikwenda dukani, akauliza kwa adabu. Mwenye duka akakumbuka, akaufuta mstari. Hakuwa mwizi yule. Anaandika huku watu wamemzunguka. Lakini zamani mama huyu angelipa tu, maana asingejua.

Jamani, watu wa Jadida si wavivu. Baba anakwenda kibarua, mama anakaanga maandazi kabla ya alfajiri. Na bado mwezi haujafika mwisho, nyumba haina kitu. Hebu tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano, nyinyi mtaweka zenu.

Tuseme baba anapata shilingi 10,000 kwa siku, na kazi anaipata siku 20. Hizo ni 200,000. Mama anabakisha faida ya 2,000 kwa siku, kwa siku 25. Hizo ni 50,000. Jumla 250,000 kwa mwezi.

Nyumba ina watu 7. Wanapika mchele kilo 2 kwa siku, mchana na usiku. Kilo ni 2,500. Kwa siku 30 ni 150,000. Mnaona? Zimebaki 100,000. Zigawe kwa siku 30, hazifiki 3,500 kwa siku. Humo mna samaki, mafuta, sukari, sabuni, umeme, nauli, madaftari ya watoto na dawa. Hapo hatujamtaja mgeni wala msiba.

Bei zenyewe hazipangwi hapa. Mchele mwingi tunaokula unakuja kwa meli kutoka Asia. Julai 2023 serikali ya India ilizuia kuuza nje mchele mweupe usiokuwa basmati, na ikafungua tena Septemba 2024. Zuio lile lilipandisha bei duniani. Mwaka 2022 vita vya Urusi na Ukraine vilipandisha ngano na mafuta ya kupikia. Mama wa maandazi aliviona vita vile kwenye karai lake: bei ya andazi ile ile, andazi likawa dogo.

Sasa tutazame mafuta. Tuseme lita ni 5,000, na robo lita ni 1,500. Robo nne ni 6,000. Anayenunua kidogo kidogo analipa 1,000 zaidi. Watu husema, mbona hanunui lita nzima? Kwa sababu asubuhi ile hana 5,000! Mwenye kidogo ndiye anayeuziwa ghali. Kina mama wanne wakichanga 1,250 kila mmoja, lita wanaipata, wakagawana kwa kipimo. Upatu mnaujua, na huu ni upatu wa jikoni.

Lakini hatutaki kudanganyana. Shilingi 1,000 ya mafuta ni ndogo. Rudini kwenye ile 150,000 ya mchele. Pale ndipo pesa zilipo. Nyumba ile ikila muhogo au shelisheli mchana, na wali usiku, inapunguza kilo moja kwa siku. Hiyo ni 2,500 kwa siku, 75,000 kwa mwezi. Mjomba mmoja alituambia, "Muhogo mchana? Watu watasema nimefilisika." Na waseme! Wakati wanasema, yeye anapunguza deni.

Muhogo wa kununua nao una bei yake, kwa hiyo faida kubwa ni kwa anayelima. Asiye na kishamba aombe kipande kwa jirani, kama ilivyo desturi yetu: unaazimwa upande mazao ya muda, miti hupandi. Na muhogo unataka miezi kadhaa ardhini, basi wa kuomba aombe sasa.

Limebaki la karafuu. Wengi wetu tunakopa kwa kusema, "Nitalipa zikichumwa." Mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Hata bei ina mambo yake: Indonesia ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa, ikapanda mikarafuu yake ikajitosheleza, na miaka ya 1980 bei yetu ikaanguka. Kwa hiyo mchumaji anayelipwa kwa pishi aandike pishi zake kila jioni, kabla hajalala. Na anayekopa aandike deni lake katika daftari lake mwenyewe, si la duka peke yake. Madaftari mawili yakisomwa pamoja, ugomvi hupungua.

Jumamosi baada ya sala ya alasiri tutakutana hapa hapa. Kila mtu aje na daftari la wiki moja: kilichoingia upande huu, kilichotoka upande ule. Asiyejua kugawanya asiogope, tutagawanya pamoja ubaoni. Na yule mama wa sukari ameshakubali kutangulia.